Muziki wa bure bustanini: je, na sisi tunaruhusiwa?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nakaa mji mdogo hapa Iowa, Marekani, huu mwaka wa pili, nilitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mimi na mume wangu tunafanya kazi kiwanda cha nyama. Kila Alhamisi jioni wakati wa kiangazi nasikia matarumbeta kutoka bustani ya mji, naona majirani wanapita na viti mikononi. Hakuna aliyetualika. Wenzangu kazini wanasema yale ni mambo ya wazee wa Kizungu. Ni bure kweli? Tunaruhusiwa? Nina watoto wanne wasiotulia. Na nikienda, nibebe nini?

JIBU: Dada yangu, pole na kazi. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nilichokwama nacho ni hayo maneno "hakuna aliyetualika". Kwetu, iwe Uvira, Kigoma au Mombasa nilikozaliwa mimi, shughuli ina mwenyewe. Usipopewa habari, hata ya mdomo tu, unabaki kwako. Kwa hiyo unawaona majirani wanapita na viti, unangoja mmoja ageuke aseme karibuni. Hatageuka, na wala si kwa ubaya. Yeye mwenyewe hakualikwa na mtu. Mwenye shughuli ni mji, na wewe ni mtu wa mji.

Tena umeshailipia. Mwaka 1921 bunge la jimbo la Iowa lilipitisha sheria iliyoiruhusu miji midogo, wananchi wakishapiga kura ya kukubali, itoze kodi kidogo ya kuendeshea bendi. Aliyeisukuma zaidi ni George Landers, mwongoza bendi wa mji wa Clarinda. Kabla ya hapo bendi ya mji iliishi kama vikundi vyetu vingi vinavyoishi: akitokea mfadhili inavuma, akiondoka inakufa. Majimbo mengine mengi yaliiga sheria hiyo. Karl King, aliyeongoza bendi ya Fort Dodge kuanzia 1920 mpaka alipofariki 1971, aliitungia wimbo wa gwaride wenye jina la sheria yenyewe, na sisi wapiga bendi za miji tunaupiga hadi leo. Nimeishi nchi tatu na kulipa kodi zote tatu, lakini sheria nyingine ya kodi iliyotungiwa wimbo sijaikuta.

Siku hizi njia za fedha zimechanganyika. Mji huu unatoa kwenye bajeti ya halmashauri, ule unachangiwa na benki ya hapo hapo na muuza matrekta, mwingine una ndoo iliyowekwa kwenye meza karibu na jukwaa. Ndoo hiyo si kiingilio. Ukiwa na dola moja tumbukiza, usipokuwa nayo pita. Wala usiniambie "sisi ni wapangaji tu, kodi ya mji hatulipi". Kiswahili kina neno moja, kodi, la serikali na la nyumba, na kwa hili Kiswahili kimepatia: mwenye nyumba yako analipa ile ya kwanza kwa pesa unazompa za ile ya pili.

Kuna na mfuko mwingine ambao watu wengi hawaujui. Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwakataza wanachama wake kurekodi santuri. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu akishapigia santuri mara moja, mashine inampokonya kazi kila baa na kila redio. Mgomo ule ulidumu zaidi ya miaka miwili. Makampuni yalikubali mwishowe kutoa fungu kwa kila santuri, na 1948 ukaundwa mfuko unaoitwa Music Performance Trust Fund, kazi yake kuwalipa wanamuziki wapige mbele ya umma bila kiingilio, Marekani na Kanada. Mfuko huo uko hai hadi sasa. Ukiona jina hilo kwa herufi ndogo chini ya tangazo, ujue ile bure yako kuna watu waliokaa njaa kwa ajili yake.

Sasa hayo ya "wazee wa Kizungu". Ni kweli, viti vya mbele vimejaa mvi, sitakuficha. Ila tazama juu ya jukwaa: katika bendi yetu tuko kama arobaini, na wa mwisho kwa umri ni msichana wa sekondari anayepiga klarineti pembeni ya babu yake. Na hawa wenzako wanaosema tarumbeta ni mambo ya wengine, wakumbushe ngoma ya beni. Watu wa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, walilichukua hili hili gwaride la matarumbeta tangu miaka ya 1890, wakalifanya lao, wakashindana mtaa kwa mtaa, kundi la Kingi kwa kundi la Skochi, sare kwa sare, mpaka likaingia Tanganyika na vikundi vyenye majina ya Marini na Arinoti. Jina lenyewe beni ni "bendi" iliyolala ulimini mwetu. Mimi tarumbeta nilijifunza kwa mjomba aliyekuwa akipiga harusini. Siku ya kwanza kushika nota za bendi hii, mkono wa kulia ulijua la kufanya kabla ya macho.

Nikuhadithie nilivyoenda mara ya kwanza, nikiwa msikilizaji, ucheke. Nilivaa suti. Nikafika saa moja na nusu kamili kama ninayekwenda kumuona hakimu, nikakuta bustani imejaa viti vya kukunja, vingi havina mtu. Nikachagua kimoja kizuri chenye tundu la kuwekea kikombe, nikakaa. Wimbo wa kwanza ukaisha, nyuma yangu zikalipuka honi. Si moja, kama gari kumi, ndefu na fupi. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Honi kumi kwa pamoja kwangu maana yake kuna matatu imefunga njia na ngumi zinafuata. Nikasimama, nikageuka, natafuta gari langu limeziba wapi. Bibi mmoja akanivuta koti taratibu. Akaniambia wale ni watu wanaosikiliza wakiwa ndani ya magari yao, wengine magoti yamewakataa, wengine wanaogopa mbu, na hawawezi kupiga makofi yakasikika, kwa hiyo wanapiga honi. Kisha, kwa upole huo huo, akaniambia kiti nilichokalia ni cha shemeji yake.

Kwa hiyo somo la viti nalijua vizuri. Watu huja mchana, wengine saa sita, wanapanga viti vyao wanaondoka zao kazini. Hakuna mlinzi na haviibwi. Kiti kitupu si kiti huru. Usikisogeze hata kama kimekuzibia. Wewe kaweke vyako na mapema, ukitoka zamu ya asubuhi, au usihangaike na viti kabisa. Mkeka unatosha, na watu wa mkeka hupewa nafasi ya mbele pembeni kwa sababu hawamzibi mtu. Lakini chini ya mkeka tanguliza turubai au mfuko mkubwa wa nailoni. Nyasi za huku jioni zinatoa umande mpaka khanga inalowa, na utaufahamu ukishasimama.

Kuhusu saa, hapo Kiswahili kitakuchanganya. Tangazo likisema 7:30, sisi tunasema saa moja na nusu jioni, na akili inakuambia giza limeshaingia, watoto walale. Huku mwezi wa Juni jua linazama karibu saa tatu kasoro dakika kumi usiku. Onyesho lenyewe ni la saa moja, au dakika chache zaidi, kwa hiyo utarudi nyumbani kungali na mwanga, na vimulimuli vimeanza kuwaka juu ya nyasi. Watoto wangu hilo ndilo wanalolifuata, muziki wanaupita tu. (Wasomaji Waislamu huniuliza: ndiyo, kwa saa hizo magharibi ya Juni huingia onyesho limekwisha. Na ndiyo, mbwa wapo, wamefungwa kamba. Ukikaa upande wa michezo ya watoto huwaoni sana.)

Msimu huanza shule zikifungwa, mwanzo wa Juni, na bendi nyingi za miji hufunga mwisho wa Julai au wiki za kwanza za Agosti. Ukisema utaanza wiki ijayo, na ijayo, na ijayo, msimu umekwisha.

Umesema unasikia matarumbeta dirishani. Hebu fanya jaribio Alhamisi hii. Sikiliza wimbo wa kwanza, kisha wa mwisho. Wa mwisho utausikia karibu zaidi, na bendi haijasogea. Jua likiinama, ardhi hupoa haraka kuliko hewa iliyo juu yake, na sauti ambayo ingepotelea angani inapinda kurudi chini. Lakini kinachofika kwako ni shaba na ngoma. Klarineti hazifiki, na katika bendi ya aina hii klarineti ndizo zinazobeba wimbo mara nyingi, kama fidla kwenye taarabu. Kwa mwaka mzima dada yangu umekuwa ukisikia kiitikio bila mwimbaji.

Kwa sababu hiyo mahali pa kukaa pana maana. Miji mingi ya huku ina jukwaa lenye paa lililopinda kama nusu ya kifuu cha nazi, mdomo umeelekea nyasi. Fort Dodge wanalo moja la miaka ya 1930 katika bustani ya Oleson, ukipita huko simama ulione. Kile kifuu kinafanya kazi ya ukuta: sauti ambayo ingekwenda nyuma na juu inatupwa mbele. Nje hapana kuta nyingine za kuirudisha, kwa hiyo ukirudi nyuma inanyong'onyea haraka. Kaa mbele ya mdomo wa kifuu, hatua ishirini au thelathini, si pembeni sana. Kama mji wako hauna kifuu, una kibanda cha duara kilicho wazi pande zote, basi angalia upepo unatoka wapi na ukae unakoelekea.

Watoto. Hili najua ndilo linalokusumbua kuliko yote. Huu si ukumbi wa kukaa kimya. Watoto wa Kimarekani wenyewe wanakimbia, wanabiringika, wanalia. Kinachotazamwa ni mambo mawili: wasipite kati ya mwongoza bendi na watu, na wasiguse ala au nyaya. Wakimbilie pembeni na nyuma. Bendi nyingi zina wimbo mmoja wa watoto: mwongoza bendi anawaita, wanapanga mstari, wanaizunguka bustani kwa mwendo wa gwaride huku sisi tukipiga. Wako wakisita, mwambie mkubwa ashike mkono wa mdogo, watafuata. Na onyesho likiisha, wapeleke kwa wapiga ngoma. Wapiga ngoma ndio wanaochelewa kufunga vyombo, na sijawahi kumuona mmoja akimkatalia mtoto kupiga pigo moja la matoazi. Mtoto wako akifika darasa la tano, shule nyingi za Iowa humpa nafasi ya kuanza bendi. Uliza shuleni kama wanazo ala za kuazimisha au za kukodisha kwa bei nafuu. Nusu ya wenzangu jukwaani walianzia hapo.

Chakula beba chako. Sambusa, karanga, maji mengi. Mara nyingi kuna meza ya kanisa au ya zimamoto wa kujitolea wanaouza aisikrimu na vipande vya pai, bei ndogo, wanataka noti ndogo ndogo. Kwetu mtu akila mbele ya jirani humkaribisha. Huku jirani atakula mahindi yake ya kukaanga mbele yako bila kukutazama, usimhesabie choyo. Ukitaka kumpa sambusa mpe, lakini taja kilichomo kabla hajauma, hasa kama kuna karanga au maziwa, maana wapo wanaodhurika navyo. Pombe inategemea mji, kibao cha mlangoni kitakuambia.

Mbu wachukulie kwa uzito. Hawa wa huku hawana malaria, lakini wapo wanaobeba virusi vya West Nile, na saa yao ni hiyo hiyo ya machweo. Dawa ya kujipaka yenye DEET, na suruali ndefu kwa watoto. Julai kutakuwa na joto zito la kunata. Watu wa hapa wanasema mahindi yanatoka jasho, na si utani, mashamba yale hutoa mvuke mwingi hewani. Suti, kwa hiyo, iache kabatini.

Mambo ya kusimama na kukaa. Mwanzoni tunapiga wimbo wa taifa la Marekani. Watu husimama, wengi mkono kifuani, kofia mkononi. Wewe ambaye bado hujawa raia simama kwa utulivu, inatosha, hakuna atakayekuuliza mkono wako uko wapi. Katikati au karibu na mwisho tunapiga mfululizo wa nyimbo za majeshi, kila jeshi na wimbo wake, na aliyewahi kutumikia jeshi hilo husimama wimbo wake ukifika, yeye au mjane wake. Waambie watoto wasicheke wakiona mzee anahangaika kunyanyuka kwa ajili ya sekunde chache za muziki. Mimi hapo huwa nasoma nota kwa bidii kuliko zinavyohitaji.

Ukiona wapiga filimbi ndogo wanatoka kwenye viti vyao na kujipanga mbele, huo ni The Stars and Stripes Forever wa John Philip Sousa, wimbo wa gwaride ambao bunge la Marekani liliufanya rasmi wa taifa mwaka 1987. Bendi nyingi huuweka mwisho. Kwako wewe mwenye watoto wanne, hiyo ndiyo ishara ya kuanza kutafuta viatu.

Mvua ikitishia, miji mingine huhamia ukumbi wa mazoezi wa shule, mingine huahirisha. Tazama ukurasa wa halmashauri au sikiliza redio ya hapo alasiri. Ngurumo hata moja ikisikika, usingoje bendi iache. Ingieni kwenye gari au jengo, na mkae humo mpaka zipite dakika thelathini tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti hapana, chini ya hema hapana. Bendi yetu imebeba vyuma vya shaba mikononi, sisi ndio wa kwanza kukimbia.

Nimebakiza moja ambalo hukuuliza, ila nadhani lilikuwa nyuma ya maswali yote. Mtatazamwa. Katika mji mdogo familia mpya ya watu sita, Waafrika, wenye mkeka, haikosi kutazamwa. Mara ya kwanza wengi watawatazama na kutabasamu bila kusema kitu, na pengine yupo atakayekunja uso. Siwezi kukuapia kwamba hayupo. Lakini mji mdogo hufanya kazi kwa kuzoea. Sisi jukwaani tunawaona wote, maana tumeelekea huko. Wiki ya pili nasikia mpiga tuba akinong'ona, "wale wa mkeka wamerudi." Wiki ya tatu kuna mtu ameshawauliza majina. Kwa hiyo usiende mara moja ukatoa hukumu. Nenda mara tatu. Na usilazimike kuupenda muziki wote: tuna nyimbo ambazo hata sisi tunazichoka, na tromboni zetu Julai, hewa ndani yake ikishapata joto, hupanda kidogo juu ya sauti inayotakiwa. Ukichoka baada ya nusu saa, kunjeni mkeka wimbo ukiisha, muondoke. Watu hufanya hivyo na hakuna anayehesabu.

Wenzako wa kiwandani usibishane nao. Waambie tu utakuwa pale, upande gani, na una sambusa.

Na ukinunua viti, vile vya kukunja vya dukani, andika jina lako kwa wino mzito chini ya kitambaa. Vyote ni vya kijani au buluu, vinafanana kabisa, na onyesho likiisha kila mtu anabeba cha mwenziwe. Mimi nina cha mtu hapa nyumbani mwaka wa nne sasa.